Ragiwidi ya mbugani: mambo yake yako chini ya udongo

Mwezi wa nane ukifika, jimbo zima la Kansas huku Amerika linaanza kupiga chafya, na kila anayepiga chafya mchawi wake anamjua tayari: ragiwidi, mmea ambao chavua yake, yaani ule unga wa maua, inawasha watu pua na macho. Dukani utasikia ragiwidi, kanisani ragiwidi, hadi mtabiri wa hali ya hewa kwenye tivii anamaliza habari za joto na upepo halafu anakusomea kiwango cha chavua cha siku hiyo. Mimi ni mtoto wa Singida, nimekulia katikati ya mashamba ya alizeti, sasa naishi huku, na kwa kweli nimechoka kusikia chavua chavua chavua bila mtu kuuliza huo mmea wenyewe ni mmea gani, unaishije, na kwa nini uko pale ulipo. Maana ragiwidi ya mbugani haikuletwa na mtu. Iko kwao. Na ukiangalia kilicho juu ya ardhi peke yake hutaielewa hata kidogo, mambo yake yote yanapangwa kwenye mizizi.

Kwanza tuelewane tunaongelea ipi, kwa sababu ragiwidi si moja. Jenasi yake inaitwa Ambrosia, jina alilolipa Linnaeus, yule mtaalamu wa kuipa mimea majina, mwaka 1753 (chakula cha miungu ya Wagiriki, sijui siku hiyo mzee alikuwa anawaza nini), na ndani yake kuna aina kama 40, nyingi za Amerika. Inayosemwa sana ni ile ya msimu, Ambrosia artemisiifolia, inayoota pembeni ya barabara, kwenye viwanja vya ujenzi na mashamba yaliyolimwa yakaachwa. Kuna ile kubwa, Ambrosia trifida, hiyo inaweza kupita mita 4 kwenda juu, ukisimama chini yake unajiona mtoto. Halafu kuna hii ya kwangu, Ambrosia psilostachya, ambayo mtaalamu wa mimea de Candolle aliielezea mwaka 1836, ragiwidi ya kudumu, ya nyanda za nyasi, fupi tu, mara nyingi inaishia magotini au kiunoni, haina makuu. Ukipita na gari hutaiona. Ukishuka ukaingia mbugani utagundua umeikanyaga muda mrefu.

Kuitofautisha na ile ya msimu si kazi ngumu ukishazoea. Ya msimu majani yake ni membamba, laini, yamechanwa halafu vipande vyake navyo vimechanwa tena, yana kijani cha kawaida. Ya kudumu majani yake ni mazito kidogo, yamechanwa mara moja tu, kijani chake kimefifia kikaelekea kwenye kijivu kwa sababu ya vinyweleo, na mengi yameshika shina moja kwa moja au kwa kikonyo kifupi sana. Chini ya shina yanakaa mawili mawili yanatazamana, ukipanda juu yanaanza kupishana. Lisugue jani moja vidoleni unuse, harufu kali inapanda, chungu chungu hivi, inanukia dawa. Lakini kama bado una shaka shika shina uvute. Ya msimu inang'oka yote na mzizi wake mmoja ulionyooka. Ya kudumu inakatikia mkononi, na iliyobaki chini wala haina habari na wewe.

Maua yake sasa. Hapa nataka nikae kidogo maana wengi hawajui hata kwamba inatoa maua. Hii ni familia ya alizeti, Asteraceae, tena siyo ndugu wa mbali, na ikumbukwe alizeti yenyewe asili yake ni huku Amerika ya Kaskazini na Kansas wameifanya ua la jimbo tangu 1903. Basi alizeti inajipamba, inaita nyuki, kila mtu anaiona. Ragiwidi imeachana na nyuki kabisa, imeamua kutegemea upepo, na kiumbe anayetegemea upepo hana sababu ya kununua vipodozi. Kwa hiyo hakuna petali za njano, hakuna kitu cha kupiga picha. Mmea mmoja unabeba maua ya kiume na ya kike mahali tofauti: ya kiume yako juu kwenye ncha, vikombe vidogo vya kijani vimepangwa kwenye kijiti na vimeinama chini, ya kike yako chini yake, kwenye kwapa za majani ya juu, kila kimoja ni ua moja tu lililofungiwa ndani ya kifuko kigumu, linachungulia kwa nyuzi mbili za kukamatia chavua, basi. Ua moja, mbegu moja.

Kitu ambacho kilinifurahisha nilipokijua ni namna ua la kiume linavyofanya kazi. Ndani yake bado kuna mabaki ya sehemu ya kike, haizai tena, lakini haijaachwa ikae bure, inasukuma chavua kutoka chini kwenda juu hadi inamwagika nje. Asubuhi hewa ikianza kukauka ndo kazi inaanza, chavua inadondoka, nyingine inatua kwanza kwenye majani ya chini, halafu kaupepo kakija kanaibeba. Punje moja ina upana wa mikroni 20 hivi (mikroni elfu moja ndo milimita moja) na ina vimiba juu yake, nyepesi mno, na chavua za ragiwidi zimewahi kunaswa baharini karibu maili 400 kutoka ufukweni. Yaani mtu anaweza akafyeka kiwanja chake kizima na bado akapiga chafya za ragiwidi ya wilaya nyingine.

Na hapa kuna dhulma moja lazima niiseme. Wakati uleule ragiwidi inachanua, mwezi wa nane na wa tisa, kuna mmea mwingine wa mbugani unaitwa solidago, huo unatoa maua ya njano mazuri yanayowaka, mbuga nzima inageuka dhahabu. Watu wanatoka nje, wanapiga chafya, wanaangaza macho, wanaona njano, wanasema ni huyu. Solidago hana kosa! Chavua yake ni nzito, inanata, imetengenezwa ibebwe na wadudu, haiendi popote yenyewe. Mhalifu amesimama pembeni yake amevaa kijani kilichopauka na hakuna anayemwangalia.

Aliyefanya watu wamwangalie ragiwidi kwa makini ni daktari mmoja wa Massachusetts, Morrill Wyman, ambaye mwenyewe alikuwa anaumwa hayo mafua ya kila mwisho wa kiangazi. Alikuwa akipanda milima ya New Hampshire anapona, akishuka yanarudi. Sasa akafanya jaribio moja la kijasiri, akachukua ragiwidi ya kwao chini, ile ya msimu, ikapelekwa huko juu milimani ambako alikuwa mzima, wakainusa yeye na mwanae, na chafya zikaanza palepale na macho kuwasha. Akayachapisha mambo yake mwaka 1872. Mi namheshimu sana huyu mzee ila sijui mtoto alikubali kwa hiari au ndo vile baba amesema.

Basi nikawa namsimulia mama kwa simu habari hizi, nimeshamwamkia na kila kitu, yeye akanisikiliza hadi mwisho akasema, "Pole mwanangu, sasa si majani tu hayo? Kwa nini msiyafyeke?" Swali la mkulima hilo, na ni swali zuri, kwa sababu ile ya msimu ukiifyeka mapema na ukarudia rudia kabla haijatoa mbegu unaipunguza kweli. Nikamjibu, "Mama, hii ya mbugani ukiifyeka unaiambia iote tena." Akacheka akasema basi hiyo ni ndago.

Hajakosea sana. Chini ya ardhi ragiwidi ya kudumu ina mizizi inayotambaa kwa ulalo, na juu ya mizizi hiyo kuna vichipukizi vimelala vinasubiri. Kimoja kinaamka, kinatoa shina, mzizi unasogea mbele, kingine kinaamka, linatoka shina jingine, kama mgomba unavyozungukwa na watoto wake, ila hapa watoto wametawanyika na mama humjui yuko wapi. Kwa hiyo unaposimama mbugani ukahesabu mashina mengi ya ragiwidi kwenye eneo dogo inawezekana kabisa unaangalia mmea mmoja tu. Mashina yote yanakufa baridi ikija, mwezi wa kumi jalidi ya kwanza ikipiga yanakauka yanakuwa rangi ya udongo, na mtu asiyejua atasema mmea umekufa. Haujafa. Kilichokufa ni mashina ya mwaka huo tu. Mmea wenyewe uko chini, una akiba yake, unasubiri mwezi wa nne.

Hii ndo tabia ya mbuga za nyasi za huku kwa ujumla na ni jambo ambalo John Weaver, profesa wa chuo kikuu cha Nebraska, alilihangaikia maisha yake karibu yote. Alikuwa anachimba mahandaki mbugani, na wanafunzi wake, anafuata mzizi mmoja mmoja kwa uvumilivu na kuuchora kama ulivyo. Michoro yake ukiiona unashangaa, juu nyasi kidogo, chini msitu. Na alikuwepo wakati wa ukame mkubwa wa miaka ya 1930 ule uliopeperusha udongo wa mashamba ukawa vumbi angani, kwa hiyo aliona kwa macho yake kinachotokea sehemu iliyolimwa na sehemu ambayo mizizi ya zamani ilikuwa bado ipo.

Mahali pazuri pa kuiona ragiwidi ikiwa kwao kabisa ni Flint Hills, mashariki mwa Kansas. Mbuga za nyasi ndefu zimebaki chache mno Amerika, asilimia kama 4 tu ya zilizokuwepo, zilizobaki nyingi ziko hapo Flint Hills na sababu wala si busara ya mtu, ni mawe. Chini kuna chokaa iliyojaa mawe magumu ya gumegume, plau ilishindwa, wakulima wakakata tamaa wakawaachia wafugaji. Karibu na mji wa Manhattan (siyo ule wa New York jamani, huu ni wa Kansas) kuna eneo la utafiti linaitwa Konza, ekari 8,600 hivi, wanasayansi wameligawa vipande vipande, kingine kinachomwa moto kila mwaka, kingine kila baada ya miaka kadhaa, kingine kina baisani, yaani nyati wa huku, kingine hakina. Ukitembea humo ragiwidi ya kudumu ni kati ya mimea isiyo nyasi unayokutana nayo mara nyingi kuliko yote.

Na ukiangalia jinsi inavyokaa na moto na mifugo unaelewa kwa nini. Masika yao, mwezi wa tatu hadi wa nne, wafugaji wa Flint Hills wanachoma mbuga makusudi ili nyasi mbichi ziote kwa ajili ya ng'ombe, usiku unaona milima mizima ina mistari ya moto, na mtu wa Singida kama mimi hilo halinishangazi hata kidogo. Moto unapita juu unakula majani makavu. Vichipukizi vya ragiwidi viko chini ya udongo na havina taarifa. Halafu wanakuja baisani au ng'ombe. Hawa wanataka nyasi, baisani hasa chakula chake karibu chote ni nyasi, ragiwidi ni chungu, wanaizunguka. Kwa hiyo nyasi inakatwa inapungua kimo, jua linafika chini, ragiwidi inapata mwanga na nafasi, inasogeza mizizi yake mbele. Ndo maana mfugaji akiona ragiwidi nyingi anajua hapo pamechungwa sana au ukame umepita.

Kuna mzee mmoja mfugaji nilikuwa nikimsaidia kazi ndogo ndogo za uzio, yeye ragiwidi kwake ni adui, kila mwaka anawaza dawa. Hoja yake inaeleweka: kila shina la ragiwidi ni mahali ambapo nyasi ingekuwepo. Lakini hesabu ya mbugani haiendi hivo moja kwa moja. Vipimo vilivyofanywa Oklahoma kwenye nyanda za malisho havikuonyesha nyasi ikipungua kwa sababu ya ragiwidi vile watu walivyokuwa wanadhani. Nyingine inaota kwenye nafasi ambayo nyasi ilikuwa imeshaondoka yenyewe, na ukipiga dawa ya kuua majani mapana unaondoa pia jamii ya kunde za porini na mimea mingine ambayo mbuga inaihitaji, hela imetoka, na mizizi mingine imebaki. Sikumwambia mzee yote haya kwa ukali, ni mtu mzima na ni shamba lake, nilimwambia tu "sawa mzee, ila mi ningeanza kwa kupunguza ng'ombe", akaniangalia vile wazee wanavyomwangalia kijana.

Wawindaji kwa upande wao wanaipenda hadharani. Kuna kware wa huku, Colinus virginianus, ndege mdogo wa mviringo anayeishi chini kwenye nyasi, na mbegu za ragiwidi ya kudumu ni chakula chake kikubwa kuanzia vuli hadi baridi, hasa Oklahoma na Texas. Ni mbegu ndogo lakini ina mafuta, na ganda lake halina ile miiba mikali ya ragiwidi ya msimu, lina vinundu butu au hakuna kabisa. Isitoshe mmea wenyewe umesimama wima, juu una kivuli, chini kuna uwazi, kifaranga cha kware anapita chini yake bila kukwama na mwewe hamuoni. Kwa hiyo kwenye ardhi ileile mwenye ng'ombe anatafuta dawa ya kuiua na mwenye bunduki anaomba isiuawe.

Tuje kwenye kemia, na hapa mambo yanakuwa matamu ingawa mmea ni mchungu. Ule uchungu na harufu vinatokana na kundi la kemikali ambazo miaka ya 1960 Tom Mabry na wenzake wa chuo kikuu cha Texas walizichambua, baadhi wakazipa jina la mmea wenyewe, psilostakini. Walichokigundua ni kwamba ragiwidi za sehemu tofauti hazina mchanganyiko uleule, za hapa zina hizi, za kule zina zile, wakati kwa macho ni mmea uleule tu. Halafu mwaka 1971 Elroy Rice wa chuo kikuu cha Oklahoma na mwenzake wakachunguza mashamba yaliyoachwa, wakaona karibu na ragiwidi kuna mimea inadhoofika na kuna mingine inastawi, wakapima maji yaliyooshea majani, majani yanayooza, vitu vinavyotoka kwenye mizizi, na kweli vilikuwa vinazuia baadhi ya mimea na kuisukuma mingine. Yaani ragiwidi inachagua majirani. Si kwamba inaua kila kitu, inapanga mtaa.

Wacheyenne, wenyeji wa asili wa huku, ambao hizi nyanda ni zao kabla ya hao wafugaji wote, walikuwa wanasaga majani na mashina yake, wanachukua chembe kidogo wanatengeneza chai kwa ajili ya msokoto wa tumbo na mafua. Chembe kidogo, siyo konzi. Nimeonja ncha ya jani, nikaelewa kwa nini.

Halafu kromosomu, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba urithi. Ragiwidi ya msimu ina 36, imetulia. Ya kudumu mara nyingi ina 72, lakini waliohesabu wamekuta na idadi nyingine nyingi, hadi 144, ndani ya spishi hiyohiyo moja. Kwa mmea unaotegemea mbegu kila mwaka vurugu hiyo ingekuwa tatizo kubwa, maana idadi isiyo shufwa vizuri inaharibu uzazi. Kwa mmea ambao mizizi yake inaweza kuendelea kutambaa na kutoa mashina bila kuuliza mbegu, hakuna shida, hata kama mbegu zote zimeharibika maisha yanaendelea. Hata ile chotara yake na ya msimu ipo porini, inajulikana, ina jina lake la kitaalamu kabisa, Ambrosia × intergradiens. Kila nikirudi kwenye swali lolote kuhusu huu mmea jibu linaishia kwenye mizizi.

Ndo maana pia ilipotoka nje ya kwao ilienda kwa staili tofauti na ndugu yake. Ile ya msimu imeisumbua Ulaya kwa mbegu, imejaza Hungaria, bonde la Rhône Ufaransa, kaskazini mwa Italia, hadi mwaka 2013 akaonekana kule Italia mdudu kutoka Amerika, Ophraella communa, anayeila majani mpaka inabaki mifupa, na watu wakaanza kumshukuru mdudu mgeni. Ya kudumu imeenda kimya kimya, inapenda mchanga, utaikuta kwenye fukwe za Mediterania huko Italia na kusini mwa Ufaransa, pia Australia, na ikishashika sehemu inapanuka kwa mizizi taratibu. Kipande cha mzizi kwenye mchanga uliobebwa na lori kinatosha.

Sasa wasomaji wa nyumbani mtauliza sisi inatuhusu nini. Hii yenyewe hapana. Ila ndugu zake mnao. Kuna Ambrosia maritima, ya Afrika na Mediterania, ambayo Misri wanaiita damsisa na iliwahi kujaribiwa kuua konokono wanaobeba kichocho, kwa kutumia uchungu uleule wa familia. Na kuna yule ndugu mwenye fujo, gugu karoti, Parthenium hysterophorus, ambaye watu wa Arusha wanamjua vizuri kuliko mimi: majani ya karoti, vimaua vyeupe, pembeni ya barabara, kwenye kahawa, kwenye malisho. Yuko kundi moja na ragiwidi ndani ya familia ya alizeti, na kemikali yake maarufu, parthenini, imekutwa hata ndani ya baadhi ya ragiwidi za kudumu za huku.

Tofauti yao ni hiyohiyo niliyokuwa naiimba. Gugu karoti ni la msimu, halina mizizi ya kutambaa, nguvu yake yote iko kwenye mbegu, mmea mmoja unatoa maelfu na unaanza kuchanua ndani ya wiki 4 hadi 6 tangu uote. Kwa hiyo ushauri wa mama yangu ambao huku hauna kazi, kwa Arusha unafanya kazi vizuri tu: ling'oeni na mzizi wake udongo ukiwa na unyevu, kabla halijatoa maua, msisubiri vile vyeupe vionekane. Ng'ombe wakilila maziwa yanakuwa machungu. Na vaeni glovu jamani, au hata mfuko wa nailoni mkononi, na nguo ya mikono mirefu, maana ule ukurutu wake ukishakushika kila ukiligusa unarudi upya.